Nusu ya Chini ya Kitabu

Wifi yangu pale stendi walimwita Spika. Si kwamba alikuwa mkubwa wa bunge lolote, hapana. Sauti yake ndiyo iliyotoka kwenye zile spika za kijivu zilizofungwa juu ya nguzo, kuanzia basi la kwanza la alfajiri mpaka la jioni. Wapo wasafiri waliomsikia miaka nenda miaka rudi bila kumwona sura, wakadhani ni jimama la miraba minne. Kumbe ni mwanamke mwembamba anayekaa kwenye kibanda cha vioo, chupa ya asali kando ya maikrofoni, shali shingoni hata jua likiwaka. Nyumbani akizungumza utadhani ananong'ona. Sauti yake aliitunza kama fundi cherehani anavyotunza mkasi wake wa vitambaa, ole wako akukute unakatia nao karatasi.

Kaka yangu alikuwa dereva wa basi la masafa marefu, na alimpenda kwa masikio kabla ya macho. Alisema hajawahi kusikia mtu akilitaja basi lake vizuri namna ile, akawa anachelewa kuondoka makusudi ili atajwe mara ya pili. Mimi niliona ni upuuzi mtupu. Lakini ndoa ikafungwa na ikadumu, basi nikafunga mdomo wangu.

Kisha presha ya macho ikamwingia kaka taratibu. Ikaanza kumla pembeni, halafu ikaja katikati. Siku aliyokabidhi funguo, wifi alikuwa kibandani na hakusimamisha kazi. Alilitaja lile basi kama kawaida, akataja na jina la dereva mpya. Watu wa stendi wakamsema kwamba ana roho ngumu. Mimi ninayekaa nao ukuta kwa ukuta ndiye niliyemsikia jioni ile akilia na mto mdomoni, mumewe asijue.

Jina la Dereva halikumtoka, mpaka leo hakuna anayemwita vingine. Alikaa nyumbani muda mrefu, mikono mapajani, anasikiliza redio na kugombana na watangazaji. Ndipo akasikia kuna chuo cha kuchua misuli na kunyoosha viungo kinachopokea wasioona, na kwamba ukihitimu hospitali zinakuchukua. Akaenda. Jamani, nilimwona mtu akirudi kwenye mwili wake. Akawa ananikamata bega nikipita na kunionyesha palipokaza, na mimi ni msusi, kutwa nimesimama nimeinamia vichwa vya watu, kwa hiyo hakuna siku aliyokosa pa kushika.

Tatizo likawa kitabu.

Chuo kilifundisha kwa kitabu kimoja kikubwa cha mifupa, misuli na mishipa ya fahamu. Cha karatasi kilikuwa kimeacha kuchapishwa, cha nukta nundu cha kusoma kwa vidole hakijawahi kuwapo, na cha kwenye simu bei yake ilikuwa ya kusikia tu na kupita. Bahati nzuri maktaba ya mji ilikuwa nacho hicho cha simu, cha kuazima. Unajiandikisha, kinashuka kwenye simu yako, wiki mbili zikiisha kinajifunga chenyewe. Sasa simu ya Dereva inazungumza. Ina sauti inayomsomea kila anachogusa: ujumbe, saa, jina la anayepiga, hata matangazo ya dawa za vitambi. Tukasema hapo tumepona. Akakifungua kitabu, akaweka kidole. Simu ikasema, "Ukurasa." Akasogeza kidole. "Ukurasa." Akazima, akawasha, akaweka tena. "Ukurasa." Simu iliyoweza kumsomea matusi ya watu wa mitandaoni, yote, bila kuruka hata moja, haikuweza kumsomea mstari mmoja wa kitabu cha shule.

Mimi nikadhani imeharibika. Wifi akaenda maktaba kuuliza, akarudi na jibu lililonipandisha mori. Hakuna kilichoharibika. Ni mchapishaji aliyekitia kufuli. Huwezi kunakili neno, ukipiga picha ya skrini unapata weusi mtupu, na mashine haina ruhusa ya kukisoma kwa sauti, kwa sababu haki ya sauti inauzwa peke yake, na kitabu cha sauti bado hakijatengenezwa.

"Kwa hiyo wanalinda kitu ambacho hakipo?" nikamuuliza.

Wifi akasema hata mkutubi alicheka, lakini kile kicheko cha mtu asiye na la kufanya.

Dereva akaingia kwenye mtihani na yale aliyoyashika darasani kwa masikio. Akaanguka. Na chuo kina kanuni yake: unarudia mara moja tu, ukianguka tena unampisha mwingine na hurudi. Mwalimu alimweleza kwa upole, ila upole haukubadilisha kitu. Alifika nyumbani akapanda kitandani na viatu vyake, na hakuna aliyethubutu kumvua.

Ndipo Spika akautoa mkasi wake. Jioni moja akakaa karibu naye, akachukua simu, akakiazima kitabu upya, akaizima ile sauti ya "ukurasa, ukurasa", akaanza kusoma mwenyewe. Na kwa vile kusoma kwa sauti alikujua kwa namna moja tu, akasoma kwa namna hiyo. "Msuli wa bega," akatangaza, "unaanzia kwenye mtulinga na kombe la bega, unaishia kwenye mfupa wa mkono wa juu. Abiria wote mnaombwa kujiandaa."

Dereva akaangua kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya funguo. Akamwambia hebu rudia. Akarudia. Kumbe msuli una mahali unapoanzia na mahali unapoishia, na huyu mtu maisha yake yote ameendesha njia. Akapapasa akaupata mtulinga wa mkewe, akaweka kidole hapo, akashuka nacho polepole juu ya bega mpaka kwenye mkono, akasimama.

"Nimefika," akasema.

Basi ikawa hivyo kila jioni. Niliwaachia simu yangu irekodi, ili kesho yake wifi akiwa kazini Dereva ajirudie mwenyewe. Kichwa, shingo, mabega, mikono, mgongo, njia zote zikapita. Nikiwa kwangu nasikia ukutani wifi akiondosha misuli kama anaondosha mabasi, na kaka akimdaka pale anapokosea kituo. Mtihani wa marudio ulikuwa Jumatatu, na kitabu kingejifunga siku kadhaa baadaye. Tulikuwa tumeshafika kiunoni. Nafasi ilikuwepo ya kumaliza bila mbio.

Sasa nieleze tabia moja ya kaka yangu. Alipokuwa barabarani, kabla ya kuondoka alikuwa lazima abonyeze kila swichi: taa, honi, vipangusio vya kioo, milango, hata kama gari limetoka gereji saa ile ile. Macho yaliondoka, tabia ikabaki. Kila asubuhi anaikagua simu namna hiyo hiyo, kidole kutoka juu mpaka chini, kila kitu kiseme jina lake. Jumatano akaamua aikague na ile programu ya maktaba. Walioitengeneza hawakujisumbua kuvipa vitufe vyake majina, kwa hiyo simu ikawa inamwambia "kitufe", "kitufe", "kitufe". Akatumaini labda kimojawapo ndicho cha kufungulia sauti. Akakigonga. Simu ikasema "kitufe" tena. Akakigonga na hicho. Ikanyamaza, naye akaona ukaguzi umekwisha.

Jioni wifi akafungua akakuta rafu tupu na maneno madogo ya kumshukuru kwa kurudisha kitabu.

"Dereva," akasema, "umegusa nini?"

"Nimekagua tu."

Wifi akajaribu kukiazima upya. Hakiazimiki. Kulikuwa na mtu kwenye foleni, na kile kitabu kiliporudi tu kikaruka kwenda kwake, nacho kitakuwa chake wiki mbili nzima. Aliposoma hayo hakupandisha sauti. Niliyepandisha ni mimi. Nilimfokea kaka yangu yale ambayo mdogo hamfokei mkubwa wake, kwamba simu si basi, kwamba ni nani aliyemtuma, kwamba sasa atakwenda mtihanini na nusu mtu. Alikaa chini akawa anajipapasa mapaja, kisha magoti, kisha miundi, kama mtu aliyepoteza kitu mfukoni.

"Juu niko mzima," akasema. "Kuanzia hapa kwenda chini sina kitu."

Alhamisi asubuhi sikufungua saluni. Tulikwenda maktaba mimi na wifi, yeye amepewa ruhusa ya shingo upande na meneja wa stendi, maana shule zilikuwa zinafungwa na wanafunzi walijaa kule hadi barabarani. Mkutubi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema pole, akasema hana njia. Walinunua leseni moja, na leseni moja ni msomaji mmoja kwa wakati mmoja.

Damu ikanichemka. Nikamuuliza inakuwaje kitabu kisicho hata na karatasi, kisichochanika, kisichoingia maji, kiwe kimoja na kiwe na mtu. Kwani akibonyeza kikashuka mara ya pili nani atapungukiwa? Mama wa watu akavua miwani. Akasema hayo ninayomwambia ameyasema yeye kwenye vikao mpaka wenzake wamemchoka. Akasema pia leseni yenyewe ina ukomo, ikiazimwa mara kadhaa inakufa na maktaba inanunua upya, na hata ile ya Dereva kubonyeza kwa bahati mbaya imehesabiwa. Hapo hasira zikaniponyoka, nikasema kama ni hivyo ni bora tulivyorekodi nusu yake.

"Hilo la kurekodi," mkutubi akasema, akivaa miwani yake, "sijalisikia."

Wifi aliuliza kitu kimoja tu, nacho ni nani mwenye kitabu. Mkutubi akasema haisemwi, ni siri ya msomaji. Basi akainama mezani, akasema kwa ile sauti yake ndogo ya nyumbani, "Mama, sikuombi jina. Mwambie tu kuna mtu ana mtihani Jumatatu, umpe namba yangu. Asipotaka, basi." Mkutubi akamtazama, akachukua namba. Hakuahidi chochote.

Wifi akarudi kibandani, roho juu, simu kaiegemeza kwenye maikrofoni asije akakosa kuisikia. Saa zikapita. Mimi nilikuwa nimemfuata maana saluni ingenishinda siku ile, ningemkata mtu sikio. Mchana, katikati ya kulitangaza basi, simu ikalia namba ngeni. Akaidaka bila kuzima maikrofoni. Stendi nzima, wapagazi, wanafunzi na masanduku yao, meneja na sahani yake ya chakula, wote wakasikia kutoka juu ya nguzo: "Haloo? Ni wewe mwenye kitabu? Usikate, nakuomba sana, usikate."

Meneja alitoka ofisini anatafuna bado. Wifi alimwinulia kiganja asubiri, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu mkubwa maishani mwake.

Aliyepiga alikuwa mwanafunzi wa chuo kile kile, msichana aliyezaliwa haoni, wenzake wanamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Naye alianguka pamoja na Dereva, naye anarudia Jumatatu. Kitabu alikisubiri kwenye foleni siku zote hizo kwa imani kwamba kikifika tu amepona. Kikafika. Simu yake ikamwambia "ukurasa". Aliwaomba wenzake wa hosteli wamsomee, kila mtu ana mtihani wake, mmoja alimsomea aya mbili akasinzia. Kwa hiyo pale alipokuwa amekaa, alikuwa na kitabu kizima mkononi na hana hata neno.

"Mimi ninaweza kusoma," wifi akamwambia. "Njoo kwetu."

Redio akaja jioni ile ile. Na mdomo wake kweli haukuwa na breki. Alitueleza safari yote tangu getini kwao, akatueleza na ya mwaka jana. Lakini habari ya kitufe alikuwa ameshaisikia, na masharti yake aliyatoa kabla hata ya kukaa: simu haitoki mkononi mwake, dada msomaji aguse kurasa tu, huko juu asiguse, na kaka Dereva akae upande wa pili wa chumba. Kaka akahamishwa nyumbani kwake mwenyewe, akakaa mlangoni kama mgeni wa kuchelewa. Redio akaishikilia simu kwa mikono miwili usawa wa kifua, wifi akapiga magoti mbele yake, akaanza na nyonga.

Alhamisi ilikwenda vizuri. Ijumaa sauti ikaanza kukwaruza. Kutwa alikuwa amepambana na ule umati, maana basi likichelewa wanafunzi wanapiga kelele na yeye lazima awapite kelele. Mchana alilitangaza basi moja kwamba linaanzia kwenye nyonga. Wapagazi walicheka mpaka wakaweka mizigo chini, meneja hakucheka. Jioni akasoma paja lote, mbele na nyuma, akimeza asali kila ukurasa. Kwenye simu yangu ipo mpaka leo, unamsikia anavyoanza kama mtu na anavyomaliza kama mlango mkavu. Nilimwambia pumzika. Akasema amebakisha mguu tu.

Jumamosi sauti ikakatika. Alikuwa kwenye maikrofoni, alitaja nusu ya jina la mji, nusu ya pili haikutoka. Wakadhani umeme umekatika. Kwenye zahanati walimmulika kooni wakamwambia pameumia vibaya, anyamaze kabisa kwa wiki kadhaa, hata kunong'ona asinong'one, vinginevyo inaweza isirudi. Wifi akamwandikia meneja kwenye simu kwamba atarudi akipona. Meneja akamjibu asiwe na haraka. Mashine ya kutangaza ilikuwa kwenye boksi lake tangu mwaka uliopita, wakaifungua siku hiyo hiyo. Hebu niambieni mimi. Stendi, ambako yupo mtu wa kusema, mashine inaletwa iseme. Nyumbani, ambako hayupo, mashine imekatazwa. Nilikosa wa kumfokea, nikafokea sufuria.

Jumapili mchana Redio akaja, akasikia kimya, naye kwa mara ya kwanza akanyamaza. Nikawaeleza. Dereva akasimama pale mlangoni kwake.

"Basi tuache," akasema. "Nitaanguka, nitakaa nyumbani, sitakufa. Sitaki mguu kwa bei ya koo lake."

Wifi akamtazama kwa hasira ambayo yeye hakuiona, na hakuwa na namna ya kumsikizisha. Akapiga kiganja kwenye meza. Akapiga tena. Kisha akaninyooshea mimi kidole.

Mimi shule niliiacha mapema, kusoma kwangu ni kwa kudonoa. Jina la dawa ya nywele nitakusomea, lakini ukurasa mzima wa misuli? Nikapiga magoti mbele ya Redio, nikajikaza. Nilipofungua ukurasa simu ikaleta kijiduara kinachozunguka, na chini yake maneno kwamba leseni inahakikiwa. Nikayasoma kwa sauti na wote tukaacha kupumua. Kikazunguka, kikazunguka, ukurasa ukarudi. Nikaanza. Nilifika katikati ya sentensi nikasahau mwanzo wake. Nikarudia. Neno refu likanishinda, nikalivunja vipande, vipande vikawa havina maana. Redio akasema, kwa adabu, kwamba haelewi. Kaka nilimwona anavyotoka jasho. Machozi yakanilenga, wallahi, si ya huruma, ni ya hasira kwa kitabu kile, kwa waliokitia kufuli, na kwa macho yangu mazima yasiyofaa kitu.

Wifi akanisogeza pembeni. Akatazama ukurasa, midomo imefungwa, macho yakitembea. Akauinua mguu wake akauweka juu ya kiti, akavuta gauni mpaka gotini, akaenda kumshika mumewe mkono akamleta pale. Redio alianza kulalamika kwamba kaka Dereva kakaribia simu, nikamwambia anyamaze. Wifi akakishika kidole cha mumewe akakiweka nyuma ya goti lake, juu kidogo. Akakibonyeza hapo: panaanzia. Akakiteremsha juu ya shavu la mguu, taratibu, mpaka linapokonda, mpaka kwenye kile kikamba kigumu juu ya kisigino. Akakibonyeza: panaishia. Kisha akanigeukia, akanionyesha kwenye skrini neno moja tu, jina la msuli. Jina moja naliweza. Nikalisema.

Kaka akalirudia. Akaipita njia ile peke yake, kwenda na kurudi.

"Unavuka goti," akasema. "Kwa hiyo mtu akiwa kakunja goti hauvuti sana."

Wifi akatazama ukurasa, akampiga begani mara mbili. Ilikuwa imeandikwa hivyo hivyo.

"Na mimi je?" Redio akauliza.

Nikakaa chini nikaunyoosha wa kwangu. Haya, mguu wangu uliosimamia saluni miaka yote ukawa kitabu cha Redio. Wifi akawa anasoma kwa macho, anakwenda kwa mumewe anapeleka kidole, anakuja kwa Redio anapeleka kidole, mimi natamka jina. Muundi, kisigino, unyayo, vidole. Redio ana kucha, sitasema uongo. Jua lilipotua tulikuwa tumefika kwenye kidole kidogo cha mwisho, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kushangilia.

Jumatatu wakaenda. Redio alitusimulia baadaye kwa urefu wake wote: mgonjwa kalala kitandani, mwalimu anasema onyesha huu unapoanzia, huu unapoishia, huu ukikaza mtu analalamika wapi. Dereva yeye alirudi akasema ameulizwa mguu, akalala. Wiki ile nzima hakuna aliyeitaja habari hiyo. Wifi alirudi stendi, maana walimwambia kama hawezi kusema anaweza kubonyeza. Kazi yake ikawa kuichagulia mashine basi, nayo mashine inalitaja kama mtu anayehesabu misumari.

Siku ya matokeo nilikuwa nimempelekea maji ya moto na asali. Nikawaona wapagazi wanapisha njia. Dereva alikuwa anakuja na fimbo yake, peke yake, ndani ya stendi ambayo hakuwahi kuikanyaga tangu akabidhi funguo. Hakuna aliyemsalimia, waliogopa kumpotezea hesabu ya nguzo. Uso wake ulikuwa mkavu, sikuweza kusoma kitu pale. Akaupapasa mlango wa kibanda, akaingia.

Wifi akasimama. Hakuweza kuuliza, akabaki ameshika shali yake kwa mikono miwili. Juu ya nguzo mashine ilikuwa inataja basi. Dereva akamtafuta kwa mkono, akampata, akaisogeza shali. Akaweka kidole kwenye mtulinga. Akashuka nacho polepole juu ya bega mpaka kwenye mkono, akasimama.

"Nimefika," akasema. "Na Redio kafika."

Wifi akasahau alivyokatazwa. Akafungua mdomo aseme, ikatoka pumzi tupu. Akanyoosha mkono kwenye meza, akaizima mashine katikati ya jina la mji, akamwekea mumewe kichwa kifuani. Stendi nzima ikawa kimya, watu wakatazama juu kwenye nguzo. Abiria mmoja akaja dirishani na mkoba wake kuniuliza kama mitambo imeharibika. Nikamwambia hakuna kilichoharibika, asubiri kidogo.